Gemu za Windows kwenye Linux: soma logi kabla ya kununua RAM

Ndugu Mhariri,

Tangu Microsoft iache kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wenye laptopu za mtumba wengi wamehamia Linux. Sababu inaeleweka. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu, wakati mashine nyingi zinazouzwa Kariakoo na Luthuli Avenue ni za kizazi cha 6 na cha 7. Vijana wanaweka Ubuntu au Mint, wanaweka Steam, ambalo ni duka la gemu, na kupitia Proton, programu ya Steam inayoendesha gemu za Windows kwenye Linux, wanacheza gemu zilezile walizokuwa nazo kwenye Windows. Halafu gemu inaanza kujifunga katikati ya mchezo, mara inatoa ujumbe kwamba kumbukumbu imekwisha, mara haisemi lolote. Mwenye mashine anakwenda dukani, anauziwa RAM, anarudi nyumbani, na gemu inajifunga palepale.

Ushauri wa “ongeza RAM” unawala watu pesa bila kuwaponya, na unatolewa na mafundi ambao hawajafungua hata logi moja, yaani faili ambamo programu huandika yaliyotokea. Kumbukumbu “inakwisha” kwa njia zisizopungua tano: kerneli, yaani kiini cha Linux, inaweza kuwa na kikomo cha idadi ya vipande vya kumbukumbu, gemu ya zamani inaweza kuishiwa anwani, yaani namba za mahali pa kuweka data, RAM yenyewe inaweza kujaa, kadi ya michoro inaweza kujaa, au kifaa kinaweza kuwa kibovu. Kila moja ina dalili yake, na kuongeza RAM kunatibu moja tu kati ya hizo.

Tuanze na ushahidi. Ndani ya Steam, bofya kulia jina la gemu, chagua Properties, na kwenye kisanduku cha Launch Options andika:

PROTON_LOG=1 %command%

Hilo neno %command% likikosekana, au likitangulia mbele, mpangilio haufanyi kazi. Cheza mpaka gemu ijifunge. Kwenye folda yako ya nyumbani litatokea faili lenye namba ya gemu. Kwa Fallout: New Vegas, kwa mfano, ni steam-22380.log. Usihangaike kulisoma kutoka juu, nenda mwishoni:

tail -n 200 ~/steam-22380.log

Tafuta maneno “out of memory for allocation” au msimbo c0000017, ambao kwa lugha ya Windows maana yake ni kwamba programu iliomba kumbukumbu ikanyimwa. Msimbo c0000005 ni wa jumla zaidi: programu imegusa anwani isiyo yake. Huo peke yake hauthibitishi kitu, lakini mara nyingi unakuja baada ya ombi kukataliwa, kwa kuwa gemu nyingi haziangalii kama zimepewa zilichoomba. Zinaendelea kama kawaida na kuandika mahali ambapo hapapo. Kwa hiyo soma mistari iliyo juu yake. Ukishapata unachotafuta ondoa PROTON_LOG=1, maana logi hiyo inanenepa haraka na inaweza kujaza diski.

Ushahidi wa pili uko kwenye kerneli:

journalctl -k -b | grep -iE 'out of memory|oom|xid|amdgpu'

Kama mashine ilijizima yote ukaiwasha tena, andika -b -1 badala ya -b, ili usome logi za mara ya mwisho kabla ya kuwasha upya.

Sasa logi ya Proton ikisema kumbukumbu imekataliwa, na kerneli haina neno lolote kuhusu kumbukumbu kwisha, na RAM ilikuwa bado ina nafasi, basi mtuhumiwa wa kwanza ni vm.max_map_count. Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea, kwa hiyo niruhusu nikae kidogo.

Kerneli ya Linux huhesabu vipande vya kumbukumbu ambavyo kila programu imegawiwa. Idadi ikifika kikomo, ombi linalofuata linakataliwa hata kama RAM ina GB 20 zisizo na kazi. Ni kama ofisi ya ardhi yenye viwanja tele ila daftari limejaa: mwombaji anarudishwa kwa kukosa mstari wa kuandikiwa jina. Kikomo cha asili ni 65530. Namba hiyo ilitokana na muundo wa faili ambalo kerneli huliandika programu inapokufa. Muundo huo ulikuwa na uwezo wa kuhesabu sehemu 65535, zikatolewa 5 za tahadhari. Kizuizi chenyewe kilishapatiwa njia miaka mingi iliyopita. Namba ikabaki.

Programu za kawaida za Linux hazifiki hata robo ya hapo. Gemu za Windows zina tabia tofauti. Windows inairuhusu programu ijitengee eneo kubwa la anwani kwanza, ilitumie kidogo kidogo baadaye, na ibadilishe ruhusa za kusoma na kuandika ukurasa mmoja mmoja. Wine, ambayo Proton imejengwa juu yake, inalazimika kuyaiga hayo yote kwa mmap na mprotect, njia za Linux za kutenga kumbukumbu na kubadilisha ruhusa zake. Kila ruhusa inapobadilika katikati ya eneo, kipande kimoja kinakatika kuwa viwili au vitatu. Gemu yenye dunia kubwa, inayopakia maeneo mapya kadiri mchezaji anavyotembea, inazidisha vipande muda wote. Ndiyo maana gemu za aina hiyo zinafunguka vizuri, zinachezeka vizuri, kisha zinajifunga mchezaji akiingia mji mpya.

Jambo hili linaweza kuonekana kwa macho. Gemu ikiwa inaendelea, fungua dirisha la amri na uandike:

pgrep -af '\.exe'

Utaona orodha ya michakato. Achana na steam.exe, services.exe, winedevice.exe na explorer.exe, ambazo ni watumishi wa Proton. Chukua namba ya gemu yenyewe. Tuseme ni 48213:

watch -n 2 wc -l /proc/48213/maps

Kila baada ya sekunde 2 itakuonyesha idadi ya vipande. Ukiona inapanda kuelekea 65,000 na gemu inakufa ikikaribia hapo, umeshampata mhalifu, na hakuna duka la RAM linaloweza kukusaidia. Ikifa ikiwa kwenye 9,000, tafuta kwingine.

Kujua kikomo cha mashine yako:

sysctl vm.max_map_count

Fedora ilikipandisha hadi 1048576 kuanzia toleo la 39 mwaka 2023, na kati ya gemu zilizotajwa kuwa sababu ni DayZ, Hogwarts Legacy na Counter-Strike 2. Ubuntu 24.04 na Arch zikafuata kwa namba hiyohiyo mwaka 2024. SteamOS, mfumo wa Steam Deck, inatumia 2147483642. Lakini Ubuntu 22.04, Mint 21 iliyojengwa juu yake, na Debian 12 zimebaki na 65530, na hizo ndizo mifumo inayowekwa mno kwenye laptopu za mtumba. Tiba ni mistari miwili:

echo 'vm.max_map_count = 2147483642' | sudo tee /etc/sysctl.d/80-gemu.conf
sudo sysctl --system

Wengine wanaandika sudo echo halafu alama ya > kuelekea kwenye faili, wanakataliwa ruhusa na kushangaa. Sababu ni kwamba sudo inaipa mamlaka echo peke yake. Kuandika kwenye faili kunafanywa na dirisha la mtumiaji wa kawaida. Ndiyo kazi ya tee hapo. Wengine wanatumia sysctl -w, gemu inapona, kesho yake wakiwasha mashine tatizo limerudi, kwa kuwa amri hiyo haihifadhi kitu. Na kama faili la /etc/sysctl.conf lina mstari wake wa zamani wenye jina hilohilo, huo ndio utakaoshinda, hivyo baada ya kumaliza hakikisha kwa kuuliza namba tena. Kupandisha kikomo hiki hakuli RAM: ni ruhusa tu, hakuna kinachotengwa. Na kwa kuwa ni kikomo cha kerneli, kinaigusa Steam kwa vyovyote ilivyowekwa, iwe ya Flatpak au ya deb.

Njia ya pili ni ya gemu za zamani. Gemu ya biti 32 kwenye Windows inapewa GB 2 za anwani tu, na ikiwa imewekewa alama ya kukubali anwani kubwa inapata GB 4 kwenye mfumo wa biti 64. Baada ya hapo, mashine iwe na GB 8 au 64 ni sawa. Kujua gemu ni ya aina gani, ingia kwenye folda yake na uulize:

file FalloutNV.exe

Ikijibu PE32 ni ya biti 32. Ikijibu PE32+ ni ya biti 64. Proton za sasa huilazimisha alama hiyo kwa kila gemu bila kuambiwa, kwa hiyo anayetumia Steam hana la kufanya. Anayetumia Wine nje ya Steam aongeze WINE_LARGE_ADDRESS_AWARE=1, akijua kwamba inafanya kazi kwenye Wine zenye viraka vya Proton. Wine tupu haiitambui, na hapo dawa ni kuliwekea alama faili la gemu lenyewe. Fallout: New Vegas ina kiraka chake maalumu cha GB 4 ambacho wachezaji wanakitumia hata kwenye Windows.

Kinachowaua watu hapa ni mapambo. Gemu ya mwaka 2010 inarundikiwa picha mpya za ubora wa juu za kuta, nguo na miti, zote ziingie kwenye anwani za GB 4 pamoja na gemu yenyewe na draiva. Hakuna mpangilio wa Linux utakaopanua chumba hicho. Chukua picha za ubora wa kati badala ya zile kubwa kabisa.

Tatu ni RAM yenyewe kujaa, na hapa kerneli haifichi. Utakuta mstari unaoanza “Out of memory: Killed process”, ukifuatiwa na namba na jina la programu iliyouawa. Jina hukatwa kwenye herufi ya 15, kwa hiyo usishangae likiwa nusu. Lakini kuna muuaji mwingine ambaye kwenye mstari huo hayumo: systemd-oomd, aliyekuja na Fedora 34 na Ubuntu 22.04. Huyu hasubiri RAM ifike mwisho kabisa. Anaua mapema swapu, yaani akiba inayoisaidia RAM ikijaa, inapokaribia kujaa au mashine inapoanza kulemewa, na anaweza kuondoka na kundi zima la michakato kwa mkupuo. Ushahidi wake uko hapa:

journalctl -u systemd-oomd

Wapo wanaoshauri azimwe. Mimi nasema hapana, maana bila yeye mashine ya GB 8 inaganda mpaka uzime kwa kitufe. Mpe nafasi ya kupumulia, yaani swapu ya kutosha. Ubuntu kwa kawaida huweka swapu ndogo, GB 2 hadi 4. Kwenye mfumo wa faili wa ext4, ongeza GB 8 hivi:

sudo fallocate -l 8G /swapu2
sudo chmod 600 /swapu2
sudo mkswap /swapu2
sudo swapon /swapu2

Ili ibaki baada ya kuwasha upya, ongeza mstari huu kwenye /etc/fstab:

/swapu2 none swap sw 0 0

Kisha kabla ya kuwasha upya endesha findmnt --verify, ili kosa la herufi moja lisije likakwamisha mashine isiwake. Kwenye Btrfs, mfumo mwingine wa faili ambao ndio wa kawaida kwa Fedora na openSUSE, hatua hizo hazifai, kwa sababu faili la swapu halitakiwi kunakiliwa kila linapoandikwa. Huko tengeneza tawi lake kwanza, halafu faili:

sudo btrfs subvolume create /swapu
sudo btrfs filesystem mkswapfile --size 8g /swapu/faili
sudo swapon /swapu/faili

Tawi la pekee lina maana: ukiliweka faili la swapu ndani ya tawi kuu, mfumo utakataa kupiga picha za kurejesha hali (snapshot) maadamu swapu inatumika.

Mwenye diski ya kuzunguka asitegemee faili la swapu peke yake. Gemu haitajifunga, ni kweli, lakini itakuwa inasimama kwa sekunde kadhaa kila mara. Afadhali zram, ambayo inabana kumbukumbu ndani ya RAM yenyewe. Fedora inayo tangu toleo la 33. Kwenye Ubuntu, Mint au Debian weka systemd-zram-generator kwa apt, kisha ndani ya /etc/systemd/zram-generator.conf andika:

[zram0]
zram-size = ram / 2
compression-algorithm = zstd

Washa upya mashine, halafu swapon --show itakuonyesha /dev/zram0 ikiwa na kipaumbele cha juu kuliko faili. Ndivyo inavyotakiwa: zram itumike kwanza, diski iwe ya akiba.

Kuna jambo moja wenye RAM ndogo hawalijui. Steam huandaa sheda za gemu, yaani programu ndogo za kuchora picha, kabla hujacheza, kwa programu inayoitwa fossilize_replay, na programu hiyo inafanya kazi kwa nyuzi nyingi kwa pamoja. Kwenye laptopu ya GB 8 inaweza kumaliza kumbukumbu kabla gemu haijafunguka. Ukiona jina hilo kwenye orodha ya waliouawa, ingia mipangilio ya Steam, sehemu ya Downloads, uzime Shader Pre-Caching, yaani uandaaji huo wa sheda. Gemu itakuwa inashtuka kidogo mara ya kwanza kila unapofika mahali papya, basi.

Ikiwa baada ya hayo yote free -h bado inaonyesha safu ya available imekaribia sifuri na swapu imejaa, hapo nunua RAM, na utakuwa umenunua kwa haki. Lakini kwanza:

sudo dmidecode -t memory

Itakwambia nafasi ziko ngapi, ipi iko wazi, na aina gani inaingia. HP EliteBook 840 G3 na Lenovo ThinkPad T460 zote ni za kizazi cha 6 na zinauzwa bega kwa bega, ila ya kwanza inatumia DDR4 na ya pili DDR3L. Kipande cha moja hakiingii kwenye nyingine. Na vipande viwili vya GB 8 ni bora kuliko kimoja cha GB 16, kwa sababu grafiki za ndani ya prosesa zinatumia RAM hiyohiyo na zinafaidika sana na njia mbili (dual channel).

Nne ni kumbukumbu ya kadi ya michoro. Kujua inavyotumika, andika kwenye Launch Options:

DXVK_HUD=fps,memory %command%

Hii ni kwa gemu ambazo zinapita kwenye DXVK, sehemu ya Proton inayotafsiri michoro ya DirectX ya Windows kwenda Vulkan, lugha ya michoro inayoeleweka kwenye Linux, yaani gemu za DirectX 8 hadi 11. Kwa nyingine weka MangoHud, programu inayoonyesha matumizi juu ya gemu, na utumie MANGOHUD_CONFIG=ram,vram mangohud %command%. Kadi ya GB 2 kama GT 1030 inajaa upesi kwenye gemu za leo. Kadi za AMD zikijaa, draiva ya Mesa inasogeza ziada kwenda kwenye RAM. Gemu inakuwa nzito lakini mara nyingi inaendelea. Draiva ya NVIDIA kwenye Linux haimudu jambo hilo vizuri kama inavyolimudu kwenye Windows, ndiyo maana gemu ileile, kadi ileile, inaishi kule na kufa huku. Shusha ubora wa tekscha, yaani picha zinazofunika kuta, nguo na miti, kwanza kabla ya kugusa kitu kingine, maana tekscha ndizo zinazokula nafasi. Kushusha vivuli na nyasi kunaongeza kasi, ila nafasi hakuokoi kiasi cha maana.

Gemu nyingine zinajipangia matumizi kwa kuuliza kadi ina kiasi gani, zikijibiwa GB 2 zinazijaza zote, huku eneo-kazi na kivinjari navyo vinataka fungu lao. Hizo unaziambia namba ndogo. Tengeneza faili la dxvk.conf kwenye folda ileile ya faili la .exe, na ndani yake:

dxgi.maxDeviceMemory = 1536
d3d9.maxAvailableMemory = 1536

Mstari wa kwanza ni wa gemu za DirectX 10 na 11, wa pili wa DirectX 9. Namba ni za MB. Elewa kwamba hiki ndicho kiasi gemu inachoambiwa. Hakuna kinachoizuia kuvuka, kwa hiyo gemu isiyouliza haitabadilika.

Kerneli ikionyesha mstari wenye NVRM na Xid, au amdgpu na neno timeout, mara nyingi tatizo limeshatoka kwenye kiasi cha kumbukumbu limeingia kwenye kadi au draiva yake. Sasisha draiva kwanza. Xid 79 maana yake kadi imepotea kabisa kwenye mfumo. Hapo angalia umeme, joto, na kama kadi imekaa sawasawa kwenye nafasi yake. Na wenye prosesa za Intel za kizazi cha 4 wajue kwamba DXVK 2.0, iliyotoka Novemba 2022, inadai Vulkan 1.3, ambayo hawana. Gemu yao inakataa kufunguka, na RAM haihusiki hata kidogo. Wajaribu PROTON_USE_WINED3D=1 %command%, wakubali kasi kupungua.

Tano ni ubovu. RAM ya mtumba yenye seli mbovu inaua gemu mahali tofauti kila mara, leo kwenye menyu, kesho katikati, na c0000005 inatokea bila mpangilio. Weka Memtest86+ kwenye flashi, washa mashine kutoka humo, uiache imalize angalau mzunguko mmoja mzima. Ukiiacha usiku kucha ni bora zaidi. Mstari mmoja mwekundu unatosha kukihukumu kipande hicho. Toa kimoja kimoja mpaka ujue ni kipi. Kwenye kompyuta za mezani, zima XMP, mpangilio wa BIOS unaoongeza kasi ya RAM, kwanza kabla ya kulaumu RAM, kwa kuwa kasi ya kulazimisha inaleta makosa yaleyale.

Wenye Core i9-13900K na i9-14900K wana kisa chao. Gemu nyingi za Unreal Engine zilikuwa zikiwaambia kumbukumbu ya video imekwisha, kwenye kadi zenye nafasi tele, kumbe prosesa ilikuwa inakosea hesabu wakati wa kufungua sheda zilizobanwa. Intel ilitoa mikrokodi, yaani maelekezo ya ndani ya prosesa, 0x129 Agosti 2024 na 0x12B Septemba mwaka huohuo, zinazopatikana kwa kusasisha BIOS, ikaongeza pia miaka 2 ya dhamana. Angalia uliyonayo:

grep -m1 microcode /proc/cpuinfo

Sasisho hilo linazuia madhara. Prosesa iliyokwisha kuharibika hairudi, inabadilishwa kwa dhamana.

Onyo moja kwa wanaopenda kufuta folda ya compatdata, ambamo Proton huweka faili za kila gemu, kila gemu ikigoma: humo ndimo yanamohifadhiwa maendeleo ya mchezo wako (save), ndani ya pfx/drive_c/users/steamuser, isipokuwa kwa gemu zinazohifadhi kwenye seva za Steam. Nakili folda hiyo kwanza. Isitoshe, kuifuta hakugusi hata moja kati ya njia tano nilizozitaja.

Ndugu Mhariri, mkiichapa barua hii nawaomba wapanga kurasa waziache amri kama zilivyo. Alama mbili za kuungia zikigeuzwa kuwa mstari mmoja mrefu, kama inavyotokea mara nyingi gazetini, sysctl --system haitafanya kazi. Na alama za kunukuu zikipindwa, grep itatafuta kitu kisichokuwepo.

Kwa wenye maduka na mafundi wenzangu, ombi langu ni dogo. Mteja akija na mashine inayofunga gemu, kabla ya kufungua kabati la RAM endesheni sysctl vm.max_map_count, free -h na journalctl -k mbele yake, na mumwombe logi ya Proton. Kazi hiyo haichukui hata dakika kumi. Namba ikiwa 65530 na kerneli haijaua mtu, mwekeeni ile mistari miwili, mtozeni ada ya ufundi, mwacheni aende akacheze.

Fundi wa kompyuta,
Dar es Salaam